Davison alitaka kuijua metali kwanza

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi kwenda kupigwa picha ya moyo. Alidungwa sindano iliyovikwa ala nzito ya madini ya risasi, akapewa maziwa anywe, kisha tukakaa kwenye benchi karibu saa nzima tukisubiri dawa itulie mahali pake. Akanigeukia: "Mwanangu, wewe si ndiye mwalimu wa kemia? Hebu niambie, wamenitia nini?"

Nilimjibu kwa ufupi. Hapa nataka kumjibu kwa kirefu, maana jibu lake linagusa jambo linaloniuma.

Alichotiwa ni teknishiamu, metali yenye mionzi ambayo karibu haipatikani kabisa ardhini. Mwaka 1937, kule Palermo, Italia, Emilio Segrè na Carlo Perrier waliikuta ndani ya kipande cha metali nyingine, molibdenamu, kilichopigwa chembe kwenye saiklotroni (mashine ya kuzipa chembe kasi) ya Ernest Lawrence huko California. Ilikuwa elementi ya kwanza kutengenezwa na binadamu. Aina yake (isotopu) inayotumika hospitalini, teknishiamu 99m, hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo haiwekwi stoo. Hospitali huletewa mzazi wake, molibdenamu 99 inayogeuka kuwa teknishiamu, ndani ya kasha la risasi. Hupitishwa maji ya chumvi, teknishiamu ikatoka nayo. Wenyewe husema wanakamua.

Kwa miaka mingi kazi ya kutafuta dawa za teknishiamu iliendeshwa kwa kujaribu: changanya teknishiamu na kitu fulani, dunga, tazama imekwenda wapi. Dawa nyingi zilifanya kazi vizuri, lakini umbo lake halisi halikujulikana, kwa sababu kiasi kilichomo kwenye sindano ni kidogo mno kupimika kwa mizani.

Hapo ndipo nampendea mkemia Alan Davison. Alisoma Swansea, Wales, akachukua udaktari wa falsafa London chini ya Geoffrey Wilkinson, na mwaka 1964 akaingia chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, alikofundisha hadi kustaafu. Alikuwa mtu wa metali. Alipoanza kushirikiana na Alun Jones wa kitivo cha tiba cha Harvard, walimchukua ndugu wa ile isotopu, teknishiamu 99, anayedumu zaidi ya miaka laki mbili na ambaye unaweza kumpima kwa miligramu. Wakatengeneza fuwele, wakaona kila atomu imekaa wapi. Waliisoma kemia ya metali yenyewe kabla ya kuipa kazi.

Katika kusoma huko wakafika kwenye isonitrili. Aliyesoma kemia kidato cha sita huenda ameshakutana nazo: unachanganya amini, klorofomu na potashi, unapasha moto, na maabara nzima inanuka uvundo usioelezeka. Mwalimu wetu alifungua madirisha yote na bado tulienda nao bwenini. Kitu hicho hicho, molekuli 6 zikiizunguka atomu moja ya teknishiamu, hutoa chembe imara yenye chaji chanya moja na mwili wa nje wenye asili ya mafuta. Damu huifikisha kwenye msuli, hupenya utando wa seli, ikavutwa na mitokondria, vinu vidogo vya nishati vya seli, ambazo ndani zina chaji hasi. Na hakuna msuli uliojaa mitokondria kama moyo, usiolala.

Haikuwa rahisi. Isonitrili za mwanzo zilikwama kwenye mapafu na ini, ikabidi wabadilishe mkia wa molekuli mara kadhaa hadi wakapata unaofaa. Mwaka 1990 dawa iliruhusiwa Marekani kwa jina la Cardiolite. Huja kama unga mkavu kwenye kichupa, wenye kloridi ya bati ya kuipa metali elektroni; unatia teknishiamu iliyokamuliwa, unachemsha dakika 10, basi.

Kinachoniuma ni hiki. Nimekaa kwenye vikao vya kupitisha mapendekezo ya utafiti. Mwanafunzi aliyetaka kuchunguza tu namna ligandi, yaani molekuli zinazoizunguka metali, zinavyoishika metali fulani aliulizwa, "Inatibu nini?" Hakuwa na jibu. Akarudishwa, akaandika ahadi ya dawa ambayo sisi sote mezani tulijua haitatoka katika miaka miwili. Tulimfundisha kuahidi asichokijua. Nilinyamaza siku ile, na najutia. Mtu anayetaka kujua metali inavyoshikana na jirani yake anastahili kemikali, mizani nzuri na muda, hata kama hana mgonjwa wa kumtaja kwenye fomu. Tunanunua kamera za gama, zinazonasa mionzi ya dawa, na ni vyema. Lakini kinachoifanya kamera ione moyo na si ini ni kemia ya ndani ya kichupa.

Picha ya shangazi ilipotoka, moyo ulionekana kama pete inayong'aa, upande wa chini umefifia kidogo. Daktari alimweleza kwamba pale damu haifiki sawasawa. Shangazi aliikodolea macho ile pete, kisha akaweka kiganja kifuani, upande wa kushoto, akakiacha hapo.