"Kama" ya nyumbani na "if" ya ofisini

Mimi ni karani wa takwimu wa miaka mingi, na neno "kama" halikuwahi kunisumbua. Mke wangu akisema, "Baba Neema, kama dagaa wapo, leta dagaa, la sivyo, leta mchicha," mimi hurudi na kitoweo. Hajanirudisha mlangoni hata siku moja kwa kosa la kusahau kufunga mabano.

Kisha ofisini nikakabidhiwa R, lugha ya kompyuta ya kufanyia hesabu za takwimu, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Majina yao yote mawili yanaanza na R, na lugha nzima ikapewa herufi moja tu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka kwamba nimeingia kwa watu wabahili wa maneno. "Kama" kwao ni "if", na "la sivyo" ni "else".

Niliandika sharti jepesi kabisa: kama shamba linazidi ekari 10, mkulima aitwe mkubwa, la sivyo, aitwe mdogo. Wakulima walikuwa 312. Sikujua kwamba "if" hushughulika na mtu mmoja tu, na kwamba wakati ule ukiipelekea foleni ilimtazama wa mbele na kuwahukumu wote waliobaki, sawa na kondakta aliyemwona abiria wa kwanza amevaa tai akalitoza basi zima nauli ya waheshimiwa. Wa kwanza katika orodha yangu alikuwa na ekari 14. Kijiji kikatajirika mchana kweupe, pamoja na bibi mmoja mwenye robo ekari ya mihogo. Kusema haki, kompyuta ilinionya kwa maandishi, lakini niliyapita kama watu wapitavyo ukuta ulioandikwa "Usikojoe hapa". Tangu toleo la 4.2.0 la mwaka 2022 haionyi tena; inagoma.

Nikaanza kuwapitia wakulima mmoja mmoja, na hapo nikakutana na mzee aliyekataa kutaja umri wake. Alimwambia mdadisi wetu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, na kwamba njaa zilikuwa nyingi. Mdadisi akaacha nafasi wazi, ambayo kwa R huitwa NA. Nilipoandika kwamba kama umri unazidi 60 aitwe mzee, kazi yote ilisimama, kwa maelezo kwamba jibu limekosekana mahali panapohitajika kweli au si kweli. Basi nikauliza kwanza, kwa alama mbili za usawa kama inavyotakiwa, iwapo umri wake ni sawa na NA. Nikajibiwa: NA. Yaani ukiuliza kama kisichojulikana ndicho hicho kisichojulikana, unaambiwa haijulikani! Majibu ya namna hiyo niliwahi kupewa na wakwe zangu wakati wa posa, lakini wale angalau walinikaribisha chai. Kumbe haiulizwi hivyo, hutumika "is.na", na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Sitasema mengi juu ya "else", ila nilipoishusha mstari mpya baada ya kufunga mabano nilielezwa kwamba haikutarajiwa. Mtu hapumui hata kidogo kabla ya kumalizia sentensi?

Vijana wa ofisini wakanihurumia, wakanionyesha "ifelse", ambayo humpitia kila mtu kwa zamu yake. Nilifurahi mno. Nikaiagiza kwamba kama wilaya haikujazwa iandike "haijulikani", la sivyo iache wilaya ilivyo. Sikujua kwamba safu ile ilikuwa imehifadhiwa kwa makundi, ambayo R huyapa namba kwa siri kufuata alfabeti: Gairo 1, Kilosa 2, Mvomero 3. "Ifelse" ikatupa majina, ikaandika namba.

Jumatatu mkuu wa kitengo akaniita, ripoti ikiwa mkononi, miwani ikiwa puani.

"Mzee mwenzangu," akasema kwa upole, "hii wilaya ya Mbili tumeipata lini?"

Nikamwambia inapakana na ya Tatu.