Paa zuri, sakafu ya zege

Juzi rafiki yangu anayesoma usanifu majengo Ulaya kanitumia picha za Casson Pavilion, lile jengo la tembo la London Zoo la mwaka 1965, pamoja na voisi ya dakika tatu anavyolisifia: mapaa ya shaba, kuta za zege zilizochongwa mistari mistari kama ngozi ya tembo mwenyewe, mapaa yamekusanyika kama kundi lililokuja kunywa maji. Na ni zuri kweli, sibishi. Ila nilivyofika kwenye picha ya ndani macho yangu yakaganda kwenye sakafu, na tangu hapo nina hasira, maana katika dakika zote tatu hizo sakafu haikutajwa hata mara moja.

Jamani, paa ni la mpita njia. Tembo yeye kazi yake na sakafu.

Sisi tuliokulia Iringa tunamjua tembo wa Ruaha kipindi cha kiangazi. Mwaka jana mwezi wa kumi nilikaa karibu saa nzima namwangalia jike mmoja kwenye mchanga wa mto uliokauka, anakwangua kwa mguu wa mbele taratibu, anavuta mchanga kwa mkonga anautupa pembeni, anakwangua tena mpaka maji yakaanza kujikusanya, na katoto kake kamesimama kanasubiri. Ukiuangalia ule mguu ukiwa hewani umesinyaa, akiukanyaga unatanuka kama mto wa sufi uliolaliwa. Ndani vidole vimesimama kama vya mwanamke aliyevaa viatu virefu, na nyuma yake kuna godoro la mafuta ndilo linalobeba tani zote zile, ndio maana anapita pembeni ya gari lako husikii kishindo. Na unyayo na kucha haviachi kuota, ardhi ndiyo inavisaga kadiri anavyotembea.

Sasa mchukue huyo umsimamishe kwenye zege miaka 30. Hatembei vya kutosha kwahiyo unyayo unazidi kuwa mnene mpaka unapasuka, mkojo unaingia kwenye nyufa, jipu linaanza chini ya kucha na likichelewa kuonekana linafika kwenye mfupa. Viungo navyo vinaharibika kwasababu chini hakuna kinachobonyea. Wapo wanaopata vidonda kwa kulala pale, wapo wanaoacha kabisa kulala chini, wanasinzia wameegemea ukuta, na mchana unawakuta wanayumba kushoto kulia, kushoto kulia, usiku walishafungwa minyororo mguuni. Magonjwa ya miguu na viungo yameua tembo wengi sana wa zuu, na mengi ya hayo yalianzia sakafuni.

Halafu angalia akili na hela zilikwenda wapi. Antwerp mwaka 1856 waliwajengea hekalu la Kimisri na maandishi ya kifarao ukutani. Berlin 1873 wakajenga pagoda ya kupendeza, yaani jengo la mfano wa hekalu la Kiasia, ikateketea kwa mabomu Novemba 1943 na tembo saba wakafa. Cincinnati 1906, kuba. Budapest 1912 wakaweka kuba na mnara, msikiti mtupu ukiutazama kwa mbali, mpaka Waturuki wakalalamika na mwaka 1915 mnara ukabomolewa, ukaja kujengwa upya 1999. Hii ya Budapest iliniuma kivyake, mnara wa adhana kupachikwa kwenye banda, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba katika kisa chote hicho cha mnara kupanda na mnara kushuka sijaona mahali tembo anatajwa, kwamba yeye mle ndani anakanyaga nini.

Najua, zege lilikuwa na sababu zake. Ulaya kuna baridi, lazima mnyama wa joto awe na nyumba, na zege unalimwagia maji kwa mpira kinyesi chote kinaenda, wakati ule waliogopa maradhi. Sawa, nawapa hiyo. Ila hata bibi yangu aliyekuwa na ng'ombe wawili alikuwa anawatandikia majani makavu kila jioni na hakuna aliyemfundisha. Na kule Nairobi watoto yatima wa tembo kwenye kituo cha Sheldrick wanalala kwenye mabanda ya mbao, nyasi kavu chini, blanketi mgongoni na mlezi pembeni yao usiku kucha.

London tembo waliondolewa 2001, muda mfupi baada ya mmoja wao kumuua mtunzaji wake, wakapelekwa zuu ya Whipsnade kwenye eneo kubwa. Jengo limebaki, linalindwa na sheria. Lilindwe. Ninachotaka ni kwamba anayelionesha kwa wageni awaambie na habari ya sakafu, kwa urefu uleule anaotumia kusifia mapaa. Siku hizi mabanda mapya yanajazwa mchanga mzito ndani, tembo anajirundikia kilima anaegemea analala, yaani mchanga tu, kitu ambacho Ruaha kipo bure.

Sijui kama rafiki yangu anajua kuna tembo aliyeitwa Iringa. Alizaliwa Msumbiji mwaka 1969, jina lake sawa na la mji wetu, akaishi zuu ya Toronto karibu miaka 40, mwishoni akiwa na wenzake Toka na Thika. Oktoba 2013 wote watatu walipakiwa kwenye maroli, safari ya siku kadhaa mpaka hifadhi ya wanyama iitwayo PAWS kule California, kwenye vilima na nyasi. Iringa alifika huko miguu na viungo vimeshaharibika siku nyingi. Akaikanyaga ile ardhi chini ya miaka miwili, Julai 2015 maumivu yakazidi na madaktari wakampumzisha milele. Alikuwa na miaka 46.