Baba wa kwenye tamthilia hupendwa kwa kile alichokubali kukosa

Hapa Kigoma bado wapo watakaokuambia kwamba baba bora kuliko wote waliowahi kuonekana kwenye runinga ni Ertuğrul, shujaa wa ile tamthilia ya Kituruki yenye jina lake. Nawaelewa. Ana upanga, ana farasi, ana watoto wa kiume wanaomtazama kama mlima, na akiingia hemani kila mtu anasimama. Lakini mimi nasema baba wa ile tamthilia ni mzee Suleyman Shah, baba yake Ertuğrul, aliyekaa nasi msimu wa kwanza tu kisha akafa. Nimelibishania jambo hili Mwanga na Ujiji, kwenye vinyozi na kwenye vijiwe vya kahawa, na sijaona sababu ya kulegeza.

Tamthilia yenyewe ilianza kurushwa Uturuki mwaka 2014 na ikamalizika 2019: misimu mitano, sehemu 150, kila moja ndefu kama filamu. Sisi tuliipokea ikiwa imeshaingizwa sauti za Kiswahili. Sasa rudi mwanzoni kabisa. Kabila la Kayi, analoliongoza Suleyman Shah, lina njaa, baridi imewaandama, malisho hakuna. Ertuğrul anatoka kuwinda na badala ya kurudi na swala anarudi na wageni: Halime, baba yake na mdogo wake wa kiume, watu wanaosakwa. Kwanza wanatafutwa na Wapiganaji wa Msalaba, baadaye na watu wa dola ya Seljuk. Hesabu ya haraka haraka inasema toa wageni watatu, okoa kabila zima. Wapo wazee wanaoisema hesabu hiyo kwa sauti, na mbele yao yuko Kurtoğlu, ndugu yake Suleyman Shah wa kuchanjiana damu. Mzee anakataa. Mgeni akishaingia hemani kwake hatolewi.

Anajua atakachokipata. Kabila linaingia hatarini, watu wanaanza kunong'ona, na Kurtoğlu anamgeuka. Mzee angeweza kuepuka yote hayo kwa neno moja tu, na hakulitamka.

Mtu wa Kasulu au Kibondo hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mkoa huu umepokea watu wanaokimbia vita kwa miongo mingi, Warundi wa 1972, kisha Wakongo ambao kwa ajili yao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, kisha Warundi tena 2015. Ndani ya nyumba nyingi za huku kuna mzee aliyewahi kufungua mlango usiku na kugawa ugali uliokuwa hautoshi wanawe mwenyewe. Watoto walionung'unika usiku ule leo ni watu wazima, na wanalisimulia tukio hilo kwa fahari. Kwa hiyo mtazamaji wa Kigoma anapomwona Suleyman Shah akiwakatalia wenye nguvu, anamwona mtu anayemfahamu.

Lakini kinachonifanya nimpende mzee yule ni kitu kingine, ambacho hakitangazwi sana. Selcan, mke wa mwanawe Gündoğdu, na mdogo wake Gökçe ni watoto wa Alptekin, mtu ambaye Suleyman Shah mwenyewe alimuua kwa usaliti. Alihukumu, akatekeleza hukumu, halafu akawachukua mabinti wa marehemu akawalea chini ya paa lake. Fikiria kula kila siku na watoto ambao wewe ndiye uliyewafanya yatima, na ukajua kwamba mmoja wao hajasahau. Selcan alikuwa na kisasi moyoni, na kisasi hicho kilileta maafa. Ingekuwa rahisi mno kuwapeleka mabinti wale kwa watu wengine, mbali, asiwaone. Mzee alichagua kuishi na matokeo ya hukumu yake, wakikua mbele ya macho yake.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu, na tangu nilipokipata sikitazami tena kipindi chochote cha familia bila kukitumia. Tamthilia ikimleta baba na kutuambia kwamba anaipenda familia yake, mimi nauliza: mapenzi haya gharama yake anaibeba nani? Akiibeba mwenyewe, watazamaji watampenda hata kama ni mkali, hata kama ni maskini, hata kama hasemi neno la upole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akiwabebesha wengine, tutamtazama, tutamzungumzia, labda tutamhofia, ila hatutampenda kama baba.

Chukua Barker Haines wa Isidingo. Watu wa rika langu wanaikumbuka ile tamthilia ya Afrika Kusini, ya mgodi wa dhahabu wa Horizon Deep, ilivyokuwa ikioneshwa ITV. Mji wetu wakati huo ulikuwa ukitegemea majenereta ya dizeli, umeme ukikatika katikati ya kisa, kesho yake unamtafuta mwenye betri akusimulie. Barker, aliyechezwa na Robert Whitehead, alikuwa tajiri mwenye hila, na alikuwa na binti anaitwa Lee. Hakuna aliyebisha kwamba Barker alimpenda Lee. Sauti yake ilibadilika akizungumza naye. Lakini kila alichodai kumfanyia binti yule kililipwa na mtu mwingine, na mara nyingi mlipaji alikuwa Lee mwenyewe. Tulimngoja Barker kila jioni, alikuwa utamu wa kipindi. Sikumbuki nyumba hata moja iliyotamani awe baba yao.

Eduardo Buenavista wa The Promise ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu yeye si mtu mbaya. Tamthilia hiyo ya Ufilipino ilitengenezwa kati ya 2000 na 2002, na ilipofika huku ilitoa watu machozi. Eduardo, mtoto wa familia kubwa, anampenda Amor, mtumishi wa nyumbani kwao. Mama yake hataki. Eduardo anatii, anamuoa Claudia, anapanda ngazi za siasa hadi ugavana, na Amor anaondoka na mimba asiyoijua Eduardo. Mtoto ni Yna, naye analelewa na familia nyingine, maskini, akiamini hao ndio wazazi wake. Ukweli unapofichuka Eduardo anaumia, na maumivu yake ni ya kweli. Tunamhurumia. Ila huruma ni kitu kimoja na upendo ni kitu kingine. Siku alipotakiwa kukosa kitu kwa ajili ya Amor, alichagua kutokosa, na miaka yote ya Yna kukua bila baba yake inatokana na siku ile. Wahenga wetu walishasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aliyeamka usiku Yna alipokuwa na homa hakuwa gavana.

Ndiyo maana baba wengi wanaopendwa sana kwenye runinga si waliozaa. Kile kipande cha The Fresh Prince of Bel-Air kinachozunguka kwenye simu hadi leo, ingawa ni cha mwaka 1994, ni ushahidi wa kutosha. Baba yake Will, kijana mhusika mkuu, anarudi baada ya miaka 14, anamwahidi mwanawe safari ya pamoja kwenye lori lake, halafu anaondoka tena. Will anajifanya hajali. Anataja yote aliyojifunza bila baba yule, kunyoa ndevu, kuendesha gari, anapandisha sauti, kisha anavunjika na kuuliza kwa nini baba yake hamtaki. Uncle Phil, mume wa dada ya mama yake, ambaye ndiye anayemlea, anamkumbatia. Huyu ni mwanasheria aliyefikia kuwa jaji, mtu anayeishi kwa kuongea, na pale hana hotuba. James Avery, aliyemcheza, alifariki mwisho wa mwaka 2013, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Marekani walimlilia kama mzee wa ukoo. Kile ni kipindi cha kuchekesha, najua. Bado nakiweka kwenye hoja hii, maana Phil alikuwa na haki ya kusema "nilikuonya" na akaiacha haki hiyo ipite. Kwa baba mwenye kiburi, na Phil alikuwa na kiburi, hiyo ni gharama kubwa.

Wapo wanaoniambia kwamba siri ya baba wa kwenye tamthilia ni kutokuwa na dosari. Sikubaliani nao hata kidogo. Jack Pearson wa This Is Us, iliyorushwa Marekani kati ya 2016 na 2022, alikuwa mnywaji. Kuna mahali anamwambia binti yake Kate, kwa kinywa chake, kwamba pombe imemshinda. Baba wengi tunaowajua wangemtuma mama akaseme, au wangenyamaza mpaka mtoto ayasikie kwa majirani. Jack alikubali kupoteza sura yake ya ushujaa mbele ya mtoto aliyemwona shujaa. Mwaka 2018 walipoonesha moto uliosababisha kifo chake, watu walilia kwa sababu ya yale yote aliyoyafanya kabla ya moto.

Na hapo niseme kitu kuhusu muda. Filamu ya saa mbili inaweza kukupa shujaa. Baba inachukua muda mrefu zaidi. Tunampenda baba wa kwenye tamthilia kwa sababu tumemwona jioni nyingi akifanya mambo madogo yaleyale: anauliza nani hajala, anasogeza kiti, anaitikia salamu. Toleo la Kiswahili la tamthilia za Kituruki lilitusaidia sana hapa. Mzee akiamkiwa, sauti nzito ikajibu "marahaba, mwanangu" bila haraka, anakuwa mzee wa mtaani kwako papo hapo. Waingiza sauti wale wanastahili sifa kuliko wanazopewa.

Hapa kwetu muda huo una maana ya pekee. Nyumba nyingi za Kibirizi na Katonga zinaishi kwa dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti tena, na wavuvi hukaa nchi kavu. Kwa hiyo kuna watoto wanaokula chakula cha usiku na baba yao kwa kufuata mwezi. Siku za giza, saa ya tamthilia, kiti cha baba kiko wazi na baba yuko ziwani. Watoto hao wanamtazama baba wa kwenye kioo kwa makini ambayo mtoto wa ofisa mjini hana. Wala sioni kwamba wanatafuta wa kumbadilisha na baba yao. Nimesikia vijana wakisema Suleyman Shah anafanana na baba, wakimaanisha namna anavyorudi amechoka na bado anasikiliza kesi ya nani kampiga nani.

Sasa niwageukie waandishi wetu wa Dar es Salaam, kwa heshima yote. Mnatuletea baba wawili tu. Wa kwanza ana suti, yuko kwenye sofa kubwa, anamkataa kijana maskini anayetaka kumuoa binti yake, na sehemu ya mwisho anaomba msamaha. Wa pili yuko kijijini, anakohoa kitandani, kazi yake ni kusubiri fedha za matibabu ili mtoto wake apate sababu ya kwenda mjini. Wote wawili hawachagui kitu. Yule wa suti anaamrisha, yule wa kitandani anapokea. Waigizaji tunao: Ahmed Olotu, tunayemwita Mzee Chilo, amecheza baba mara nyingi kwa utulivu ambao hauwezi kufundishwa. Mwigizaji kama huyo mpeni uamuzi wa kufanya, uamuzi unaomuuma, na mtaona taifa zima likimwita baba. King Majuto alipofariki Agosti 2018 nchi ilimlilia kama mzee wa nyumbani, na yeye tulimpa vichekesho tu. Ebu fikirieni angepewa na uzito.

Mkitaka kisa, kipo hapa. Mvuvi wa Katonga ana injini moja ya boti na binti aliyechaguliwa kwenda chuo. Ada haitoshi. Msimwoneshe akipata fedha kwa muujiza, wala kwa mjomba tajiri kutoka Dar. Muoneshe akiiuza injini, akirudi kuwa kibarua kwenye boti ya mtu ambaye zamani yeye ndiye alikuwa akimwajiri, na akimweleza mkewe kabla ya kuuza, si baada. Kisha mwacheni amwambie binti ukweli kwamba ni mwaka wa kwanza tu uliolipiwa na wa pili bado hajui atautoa wapi. Asimuahidi kitu asichonacho. Binti asilie, amuulize tu injini imeuzwa shilingi ngapi, na baba amtajie bei. Mimi na wenzangu wa huku tutaitazama tamthilia hiyo hata kama itarushwa saa nane za usiku.