Dhahabu juu ya krimu: rangi inapomnyima mtu kusoma

"Mwanangu, hapa ni tatu au nane?" Baba mdogo alinipigia kutoka Igoma na swali hilo wakati pesa zilikuwa zimeshaondoka. Kwenye kadi ya mchango wa harusi, namba ya mweka hazina ilichapwa kwa rangi ya dhahabu juu ya karatasi ya krimu. Alivaa miwani, akasogea chini ya taa ya sebuleni, mwisho akabahatisha. Shilingi 50,000 zikaenda kwa mtu asiyemjua.

Nilimfuata kijana aliyeitengeneza kadi ile, kwenye stesheneri moja hapa mjini Mwanza. Alinisikiliza vizuri, na hoja zake si za kupuuza. Harusi ni sherehe. "Kaka, ukiandika nyeusi kwenye nyeupe watu wanajua ni tangazo la msiba." Tena dhahabu huchaguliwa na wateja wenyewe, na katika kadi zote za harusi ile hakuna mwingine aliyerudi kulalamika. Akanifungulia kadi kwenye kompyuta yake. Kweli, pale namba ilisomeka.

Naamini wote wawili walisema kweli. Herufi tunaisoma kwa kuona ukingo wake, na jicho hushika ukingo zaidi kwa tofauti ya mwanga na giza kuliko kwa tofauti ya rangi. Dhahabu na krimu ni rangi mbili, lakini zote ni ng'avu. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za intaneti hupima jambo hili kwa namba: maandishi ya kawaida yanatakiwa yafikie uwiano wa mwanga wa 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi iliyo nyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe ina 21. Juu ya nyeupe hiyohiyo, buluu kamili inapita 8, nyekundu kamili inaishia 4 hivi, na njano haifiki hata 1.1. Umri nao unaongeza mzigo. Lenzi ya jicho la mzee huingia umanjano na ukungu, hata kabla ya mtoto wa jicho, na mwanga unaofika ndani hupungua. Kijana aliye mbele ya kioo kinachong'aa hawezi kuliona tatizo hilo akiwa kazini.

Wengi hukimbilia kutaja upofu wa rangi, ule ambao mwanakemia Mwingereza John Dalton aliueleza mwaka 1794 kutokana na macho yake mwenyewe. Upo, na huwapata zaidi wanaume kwa sababu kasoro ya kuchanganya nyekundu na kijani hubebwa na kromosomu X, kibeba urithi ambacho mwanaume anacho kimoja tu na mwanamke viwili. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni karibu 1 kati ya 12; Afrika viwango viko chini ya hapo. Anayesema wenye kasoro hiyo ni wachache ana haki ya kusema hivyo. Lakini baba mdogo hana upofu wa rangi. Ana miaka 68 tu.

Kuna shida nyingine inayompata hata mwenye macho mazima. Pale mwaloni Kirumba, simama jua la mchana utazame mtumbwi wa buluu wenye jina la rangi nyekundu ubavuni. Herufi huonekana kama zinacheza. Jicho hupinda mwanga mwekundu na wa buluu kwa kiasi tofauti, haliwezi kuzituliza rangi hizo mbili kwa wakati mmoja.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka kila kitu kiwe cheusi na cheupe. Baadhi ya wenye disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao wa kusoma, husema weupe mkali wa karatasi unawachosha, na kwao krimu ni nafuu kubwa. Krimu ya kadi ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuipa dhahabu kazi ya kubeba namba ya simu.

Nilimwomba kijana aipige picha kadi kwa simu, kisha aigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Maua yalibaki, majina ya maharusi yalibaki kwa kuwa yalikuwa makubwa. Mstari wa namba ulififia ukawa kama vumbi. Aliutazama kimya, akaubadilisha kuwa kahawia ya kukoza, dhahabu akaiacha kwenye maua. Jioni nikampelekea baba mdogo nakala mpya. Aliisoma namba yote kwa sauti, bila kusogea kwenye taa.