Mita 60 na Mita 800: Barabara Kuu Inapandisha Bei ya Nyumba ya Nani?

Dalali akikuambia nyumba "iko barabarani kabisa", muulize gari linaingilia wapi. Barabara kuu ya njia sita, yenye uzio kila upande, si kama ile ya mtaani inayopita mbele ya geti. Utaiona kutoka dirishani na kuisikia usiku kucha, lakini ukitaka kuipanda huenda ukazunguka kilomita tano mpaka kwenye makutano yenye njia ya kuingilia. Ni kama kukaa kando ya mto usioruhusiwa kuchota.

Chukua nyumba mbili za ramani moja, zilizojengwa na fundi mmoja mwaka mmoja. Ya kwanza iko mita 60 kutoka kwenye lami, nyuma ya ukuta wa kuzuia kelele. Ya pili iko mita 800 kutoka kwenye makutano, na kati yake na barabara kuna mitaa mitatu, miti na kituo cha mafuta. Kwenye tangazo la mauzo zote mbili "ziko karibu na barabara kuu". Mjadala wa kama barabara mpya inapandisha au kushusha bei ya nyumba hauishi kwa sababu hiyo hiyo: upande mmoja unazungumzia nyumba ya pili, mwingine unazungumzia ya kwanza, na kila mmoja ana takwimu zake mkononi.

Tuanze na wanaoishangilia barabara, maana hoja yao ni ya zamani kuliko magari yenyewe. Mwaka 1826 Johann Heinrich von Thünen, Mjerumani mwenye shamba na mapenzi ya hesabu, alieleza kwa nini kodi ya ardhi hushuka kadiri unavyokwenda mbali na soko. Gharama ya kusafirisha mazao inakula faida, na kinachobaki ndicho mwenye ardhi anaweza kudai. Mwaka 1964 William Alonso aliihamishia hesabu hiyo mjini; mahali pa magunia ya nafaka akaweka watu wanaokwenda kazini. Punguza gharama ya safari, na ardhi ya mbali itapanda bei.

Kwa namba inaonekana hivi. Mtu anaishi kilomita 40 kutoka kazini. Kwa barabara ya zamani, yenye matuta na malori, wastani wake ni kilomita 30 kwa saa: dakika 80 kwenda, 80 kurudi. Barabara kuu ikimpa wastani wa kilomita 80 kwa saa, kila safari inakuwa dakika 30. Ameokoa dakika 100 kwa siku, ambazo kwa siku 22 za kazi ni saa kama 37 kwa mwezi. Hiyo ni karibu wiki nzima ya kazi. Watu watakubali kulipia muda huo, na malipo yatapitia kwenye bei ya nyumba na kiwanja.

Lakini muda huo hautunzwi kama akiba. Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Italia, aliandika mwaka 1994, akijenga juu ya kazi ya Yacov Zahavi, kwamba katika jamii zilizotofautiana sana watu hutumia wastani wa saa moja hivi kwa siku wakiwa safarini. Wakipewa mwendo zaidi hawarudi nyumbani mapema, wanahamia mbali zaidi. Ndivyo viunga vya miji vinavyozaliwa, na Marekani ndiko hesabu hii imefanyika kwa kiwango kikubwa kuliko kwingine. Tangu Rais Eisenhower aliposaini sheria ya barabara kuu mwaka 1956, nchi ilijipangia mtandao wa kilomita kama 66,000, serikali kuu ikibeba asilimia 90 ya gharama. Mwanauchumi Nathaniel Baum-Snow, katika utafiti wa mwaka 2007, alikadiria kwamba kila barabara kuu mpya inayopita katikati ya mji ilipunguza wakazi wa mji huo wa ndani kwa asilimia 18 hivi. Kati ya 1950 na 1990 wakazi wa miji ya ndani walipungua kwa asilimia 17, ilhali maeneo ya miji hiyo pamoja na viunga vyake yalikuwa yanakua. Kwa makadirio yake, bila barabara hizo miji ya ndani ingeongezeka kwa asilimia 8.

Mtetezi wa barabara hataziona takwimu hizi kama aibu. Atasema familia zilipata nyumba yenye vyumba vya kutosha na uwanja wa watoto, kwa pesa ambayo mjini isingetosha hata kwa vyumba viwili. Ni kweli, na wanaodharau viunga mara nyingi ni watu ambao tayari wana pa kukaa katikati ya jiji.

Jambo ambalo madalali hawalisemi, na wala si kwa ubaya, ni kwamba barabara inayopandisha bei ya ardhi ndiyo hiyo hiyo inayoishusha. Fikiria eneo unaloweza kulifikia ndani ya dakika 45. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 22.5, yaani karibu kilomita za mraba 1,600. Ongeza mwendo mara mbili, na duara linakuwa la karibu kilomita za mraba 6,400. Ardhi imeongezeka mara nne. Kwa kweli barabara moja haitanui duara, inanyoosha kidole kimoja kuelekea upande mmoja, ila mantiki haibadiliki: ghafla mashamba mengi yanaweza kukatwa viwanja, na kila kiwanja kinashindana na chako. Mtu aliyenunua akitegemea uhaba amenunua mahali ambapo barabara imekuja kuuondoa uhaba huo.

Ndiyo maana bei hutegemea pia sheria ya ardhi iliyopo pembeni ya lami. Barabara ya M25, inayoizunguka London kwa kilomita 188, ilikamilika Oktoba 1986. Sehemu kubwa yake inapita kwenye ukanda wa kijani, ambako ujenzi wa nyumba mpya unabanwa sana na sheria za mipango miji. Pale ambapo nyumba haziwezi kuongezeka, faida ya barabara haina pa kwenda isipokuwa kwenye bei ya nyumba zilizopo. Pale ambapo kila shamba linaweza kugeuzwa mtaa, faida inatawanyika kwenye maelfu ya viwanja na bei ya kila kimoja haipandi sana. Mwenye nyumba angependa hali ya kwanza, na anayetafuta nyumba angependa hali ya pili. Sioni barabara itakayowaridhisha wote wawili.

Turudi kwenye ile nyumba ya mita 60. Kelele ya barabara yenye magari yanayopita mfululizo hupungua kwa desibeli 3 hivi kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kutoka mita 60 mpaka 800, kwenye uwanda ulio wazi, ni tofauti ya desibeli kama 11. Tafiti nyingi zinazolinganisha bei za nyumba huona punguzo linalokaribia nusu ya asilimia kwa kila desibeli. Kwa hiyo kelele peke yake inaweza kuikata nyumba ya kwanza asilimia 5 au 6. Ukuta mzuri hupunguza desibeli 5 hadi 10, na mwenye nyumba atakuonyesha ukuta huo kwa fahari ukiwa umesimama naye uani. Mwombe akupandishe ghorofani. Ukifungua dirisha la chumba cha kulala, jicho linapita juu ya ukuta hadi kwenye vichwa vya malori, na palipopita jicho sauti inapita pia. Pitisha kidole kwenye fremu ya dirisha. Vumbi jeusi lenye mafuta utakalolikuta si vumbi la shambani.

Hewa ina mpaka wake, na mpaka huo umepimwa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2002 kutoka kando ya barabara kuu za Los Angeles vilionyesha kwamba chembechembe ndogo kabisa za moshi hujaa karibu na lami, kisha hupungua haraka hadi kufikia kiwango cha kawaida cha mji kwenye mita 300 hivi. Mwaka uliofuata California ilipitisha sheria inayozuia shule mpya kujengwa ndani ya futi 500, yaani kama mita 150, kutoka barabara kuu, isipokuwa kwa masharti maalumu. Nyumba za kuishi hazikupewa ulinzi huo. Soko ndilo limeachiwa kazi hiyo, na soko hufanya kile linachojua: linaishusha bei ya nyumba ya mita 60 mpaka apatikane mtu asiye na uwezo wa kununua nyingine. Mchumi atasema amefidiwa kwa kuuziwa rahisi. Kwenye karatasi, ndiyo. Mapafu ya mtoto wake hayakuwa kwenye mkataba.

Halafu kuna suala la wakati, ambalo huumiza wanunuzi wengi kuliko kelele. Bei haingoji lami. Huanza kusogea ramani inapotangazwa, husogea tena mkandarasi anapoleta mitambo, na kufikia siku ya kukata utepe sehemu kubwa ya ongezeko imeshaingia mifukoni mwa watu wengine. Aliyekuwa na shamba kabla ya tangazo ndiye anayevuna. Anayekuja mwishoni, akisema "sasa barabara imefika, nanunua", analipia dakika 100 zake kwa bei kamili kabla hajaendesha hata siku moja. Katikati hapo kuna miaka ya vumbi, michepuko na maduka yasiyofikika kwa sababu ya mitaro. Miradi nayo huchelewa, mingine husimama. Aliyekopa kwa kutegemea tarehe ya ufunguzi hulipa riba ya benki na bado anapita kwenye barabara ile ile ya zamani.

Na zile dakika 100, zitadumu? Gilles Duranton na Matthew Turner walichunguza miji ya Marekani kati ya 1983 na 2003, wakakuta kwamba urefu wa njia ukiongezeka kwa asilimia 10, jumla ya kilomita zinazoendeshwa nayo huongezeka kwa karibu asilimia 10. Njia mpya hujaa. Houston walipanua barabara ya Katy hadi kufikia njia 26 katika baadhi ya vipande, ukihesabu za pembeni, wakamaliza mwaka 2008. Haikuchukua miaka mingi foleni za asubuhi na jioni zikarudi. Mtetezi atajibu, na ana haki ya kusikilizwa, kwamba foleni ya watu wengi zaidi si sawa na foleni ya wachache: wapo waliofika mahali ambapo awali hawangefika. Sawa. Ila aliyenunua kilomita 40 nje ya mji hakununua furaha ya wengine kufika, alinunua dakika 30 zake. Zikigeuka 60, bei aliyolipa ilikuwa ya kitu ambacho hakipo tena, na wanaokipunguza kila siku ni majirani wapya waliofuata hesabu ile ile kama yeye.

Ushahidi wa kinyume ni wa kuvutia zaidi, nao unatoka kwenye miji iliyobomoa. San Francisco ilikuwa na barabara ya juu, Embarcadero, iliyokata jiji na bahari yake. Tetemeko la Oktoba 1989 liliiharibu, na mwaka 1991 ikabomolewa. Seoul hawakungoja tetemeko. Kati ya 2003 na 2005 waliondoa barabara ya juu ya Cheonggyecheon na kuufufua mto uliokuwa umefunikwa chini yake. Kote kuwili ardhi ya pembeni ilipata thamani mpya. Wapinga barabara hupenda kuishia hapo, lakini mfano huu hauwasaidii kama wanavyodhani. Miji hiyo ilikuwa na treni, mabasi na barabara nyingine za kubeba watu. Ng'oa barabara kuu inayolisha kiunga kisicho na njia nyingine yoyote, na ile nyumba ya mita 800 itabaki kuwa nyumba nzuri iliyo mbali.

Kwangu mimi jambo zito zaidi ni kwamba umma hulipa na ongezeko la thamani linabaki kwa wachache. Kolombia walijaribu kulirekebisha hili mapema kuliko wengi. Tangu sheria ya mwaka 1921 wana mchango uitwao valorización, unaowataka wenye mali zilizonufaika na mradi wa umma kuchangia gharama zake, na Bogotá na Medellín zimewahi kujenga barabara kwa njia hiyo. Mwenye shamba karibu na makutano mapya analipa zaidi, wa mbali analipa kidogo. Kwa haki ni vigumu kuupinga. Ugumu unaanza ankara inapofika. Mjane anayeishi peke yake mita 800 kutoka kwenye makutano ametajirika bila kushika hata senti: nyumba yake imepanda bei lakini pensheni yake iko pale pale. Anaweza kupewa muda, au deni likawekwa kwenye hati mpaka nyumba itakapouzwa. Jirani yake wa mita 60 naye ana swali lake kwa ofisi hiyo hiyo: ikiwa aliyepanda analipa, aliyeshuka atalipwa na nani?