Siku ambazo meli haifiki popote

Ukisoma ratiba ya safari ya meli ya kitalii, macho hukimbilia majina ya bandari. Katikati ya majina hayo kuna mistari miwili mitatu iliyoandikwa tu "siku ya bahari", bila picha wala maelezo, na wazazi wengi huiona ni hasara: fedha zimelipwa, watoto wamekuja, halafu kutwa nzima hakuna pa kushuka. Nami niliwaza hivyohivyo. Katika safari yetu ya kwanza nilichagua njia yenye bandari nyingi kadiri nilivyoweza. Siku hizi natafuta njia zenye siku za bahari mbili au tatu kwa juma, na kama hazipo, siendi.

Siku ya bandari ukiwa na watoto hutawaliwa na saa. Mnaamka alfajiri, mnapanga foleni ya kushuka, mnazunguka juani, kisha mnarudi mbio kwa sababu meli haimsubiri mtu. Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka minne, na vingi tulivyokwenda kuviona vilimpita akiwa amelala begani kwangu. Siku ya nne tukawa katikati ya bahari. Asubuhi ile alikaa sakafuni kando ya dirisha, kimya, akitazama maji kwa muda ambao sikuwahi kumwona akitazama kitu chochote. Kisha akauliza: "Baba, barabara ya meli iko wapi?"

Nilimchukua hadi tezini, sitaha ya nyuma kabisa, nikamwonyesha povu jeupe lililonyooka mpaka upeo wa macho. Tulisimama pale mpaka dada yake akaja kututafuta. Hakuna aliyetuita kwenye basi. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mtoto anahitaji muda mrefu usio na kazi ndipo swali lake lipate pa kutokea, na sijui mahali pengine ambapo familia nzima hupewa muda huo kwa pamoja, bila wito wa ofisi wala mgeni mlangoni.

Lakini muda huo ni lazima uulinde. Meli yenyewe haipendi ukae bure. Ratiba ya siku ya bahari imejaa kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane: mashindano, maonyesho, mafunzo ya dansi, michezo ya bahati nasibu. Kuna sababu ya kibiashara. Maduka na kumbi za kamari za meli kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini, kwa ajili ya sheria za forodha na za nchi husika, hivyo siku za bahari ndizo siku zao za mauzo. Simlaumu mtu kwa hilo. Ila mzazi anayefuata ratiba ile mstari kwa mstari atakuwa ameirudisha siku ya bandari humohumo melini, foleni na mbio zake zote.

Utaratibu wetu ni huu: jambo moja kabla ya chakula cha mchana, jambo moja baada ya chakula cha jioni. Katikati hatupangi kitu. Saa ya kwanza watoto hulalamika, na hapo ndipo wazazi wengi hushindwa wakatoa simu. Vumilieni. Saa ya pili wetu walianza kuhesabu ngazi kutoka sitaha ya chini hadi ya juu, wakatoka omo, yaani mbele ya meli, hadi tezi kwa hatua, wakabishana nani amehesabu sawasawa, wakarudia upya. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani; nasi marejeo yetu yalikuwa chumbani, watu wanne katika nafasi ndogo, miguu juu ya kitanda kimoja, tukisimuliana nani kaona nini. Mke wangu alisema hajawahi kumsikia binti yetu akizungumza kwa kirefu hivyo.

Klabu ya watoto siipingi. Meli nyingi hupokea watoto kuanzia miaka mitatu, wakiwa wameacha nepi, na wahudumu niliokutana nao walikuwa watu wema wanaoijua kazi yao. Mtoto akiomba kwenda, aende. Ninachokipinga ni kumpeleka asubuhi na kumchukua usiku, kila siku ya bahari, kisha kusema mmesafiri pamoja.

Kwa mwenye mtoto mdogo zaidi nitasema ukweli: siku ya bahari ni ngumu. Mtoto wa nepi kwa kawaida haruhusiwi katika mabwawa makuu ya kuogelea, hata akiwa na nepi za kuogelea. Pia kampuni kadhaa zinazopokea watoto wa miezi sita hudai miezi 12 kwa njia zenye siku tatu au zaidi za bahari mfululizo. Pengine ni heri kungoja mwaka mmoja au miwili.

Kuna mambo ambayo sitaki kuyalegezea. Usidhani kila bwawa la meli lina mwokoaji. Mengine hayana, kwa hiyo mtu mzima awe majini au ukingoni, macho kwa mtoto. Kiti kisikae karibu na ukingo wa roshani, hata kwa dakika moja. Na zoezi la dharura lisipite kama jambo la kuchosha. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulizaliwa mwaka 1914 kutokana na kuzama kwa Titanic miaka miwili kabla. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba Januari 2012, watu 32 walifariki, na mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi. Leo sheria inataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Sisi siku ya kwanza ya bahari tunalirudia wenyewe: watoto wanatangulia kutoka chumbani hadi mahali pa kukusanyika, sisi wazazi tunafuata bila kuwaelekeza.

Mawimbi yakiwa makubwa, watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili ndio hulewa bahari kwa urahisi zaidi. Chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, hutikisika kidogo kuliko vyote. Mtoe mtoto nje atazame upeo wa macho, mpe chakula kikavu kidogokidogo, na habari za dawa muulize daktari kabla ya safari. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, maana dawa ya kupaka mikononi haitoshi dhidi ya norovirusi, virusi vinavyoleta kutapika na kuhara.

Nikiulizwa ni saa ipi naisubiri, nitajibu adhuhuri. Katika meli nyingi, nahodha hutangaza wakati huo mahali meli ilipo, mwendo wake, upepo, na kina cha maji. Tulikuwa na ramani ya karatasi na penseli. Binti yangu aliandika namba haraka, mdogo wake akaweka alama ya msalaba pale dada yake alipomwonyesha. Meli ikienda maili 20 za baharini kwa saa, tangu adhuhuri hadi adhuhuri inakata karibu kilomita 890, na kwenye ramani yetu hiyo ni nafasi ya vidole viwili. Siku moja nahodha alitaja kina cha zaidi ya mita 3,000. Yule mdogo akaniuliza kijiko kikidondoka kitachukua muda gani kufika chini. Tulikaa na swali hilo hadi jioni, na dada yake akajaribu kulipiga hesabu nyuma ya ramani.

Ramani ile ipo ukutani chumbani kwao. Wageni wakija, mdogo huwavuta mkono kwenda kuiona. Bandari hazionyeshi. Huweka kidole juu ya misalaba iliyo katikati ya rangi ya buluu, mmoja baada ya mwingine, na kuwaambia, "Hapa tulikuwepo. Na hapa. Na hapa."