Barua niliyojiandikia: wakili wa kampuni kuwa na ofisi yake Nakuru

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyepitia mafunzo ya uwakili mikononi mwangu alinipigia simu. Ameajiriwa kama mwanasheria wa kampuni ya maua upande wa Naivasha, na mwenzake wa chuo amempa meza katika chumba kilicho karibu na mahakama hapa Nakuru. Alitaka kujua kama anaweza kushika vyote viwili: mshahara wa kampuni mchana, na wateja wake mwenyewe jioni na Jumamosi. Nilimjibu "inategemea," akashukuru kwa heshima, lakini nilisikia kwenye sauti yake kwamba sikumsaidia. Nimelifikiria jambo hili tangu siku hiyo, maana mimi mwenyewe niliishi hivyo kwa miaka minne.

Nianze na sheria. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, kinataka mambo matatu kwa anayetaka kufanya kazi ya uwakili: awe ameidhinishwa kuwa wakili, jina lake liwe kwenye orodha ya mawakili, na awe na cheti cha mwaka huo. Hakiulizi mshahara wake unalipwa na nani. Cheti cha wakili wa benki na cha wakili wa kujitegemea ni kile kile, na vyote huisha mwezi Desemba. Kwa hiyo anayeajiriwa na kampuni binafsi mara nyingi hufungwa na barua yake ya ajira, hasa ule mstari unaosema atatoa muda wake wote kwa mwajiri. Wengi hutia sahihi bila kuusoma mara mbili.

Kwa walio serikalini mjadala ni mfupi zaidi. Ibara ya 77 ya Katiba inamkataza afisa wa dola wa kudumu kufanya kazi nyingine ya malipo, na tangu 2025 tuna sheria mahususi kuhusu mgongano wa maslahi inayowabana maafisa wa umma. Wakili wa kaunti anayefikiria kufungua ofisi ya pembeni aanzie hapo, na nadhani ataishia hapo hapo.

Tubaki basi na Sacco (vyama vya akiba na mikopo), viwanda vya chai, mashamba ya maua, hospitali na shule za binafsi.

Wanaotetea kazi mbili wana hoja, na si za tamaa tu. Mshahara wa mwanasheria kijana nje ya Nairobi si mkubwa, na kabla haujamfikia umekatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba, kodi na akiba ya uzeeni ya NSSF. Kuna pia suala la makali. Wakili anayekaa miaka mitano akikagua mikataba ya ununuzi bila kusimama mbele ya hakimu hupoteza kitu ambacho semina hazikirudishi, na siku kampuni inaposhtakiwa hulazimika kutafuta wakili wa nje kwa kesi ambayo angeiweza. Na wananchi je? Mtu anayetoka Kuresoi au Subukia kuja mjini kushughulikia mirathi ya babake anahitaji wakili wa bei anayoiweza. Kazi ya mirathi yenyewe huenda polepole. Ombi likishachapishwa kwenye gazeti la serikali, husubiriwa siku 30 za pingamizi, na kwa kawaida hati ya usimamizi huthibitishwa baada ya miezi sita. Mtu mwenye jioni zake anaweza kuifanya vizuri kabisa.

Hoja ya upande wa pili inayosikika zaidi ni muda. Zamani ilikuwa rahisi kumkamata mwanasheria wa kampuni aliyetoroka kwenda mahakamani, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kitupu. Tangu 2020 kesi nyingi hutajwa kwa video, na usajili wa kesi kwa mtandao ukasambazwa nchi nzima 2024, kwa hiyo hata karani habebi tena rundo la faili. Niliwahi kuketi kwenye mkutano wa zabuni na mwenzangu aliyekuwa na madirisha mawili kwenye kompyuta moja. Meneja alikuwa akieleza bei za mbolea, naye ameweka kisikizi kimoja sikioni akingoja kesi yake iitwe. Ilipoitwa alisimama kana kwamba anakwenda msalani. Mkataba wa mbolea uliotokana na mkutano ule ulikuwa na kasoro ambayo yeye ndiye alipaswa kuiona. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinamruhusu mwajiri kumfuta bila notisi anayepuuza kazi yake kwa makusudi, na sioni angejitetea vipi.

Kompyuta ile inanisumbua kwa sababu nyingine pia. Ilikuwa ya kampuni. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamzuia wakili kufichua alichoambiwa na mteja bila idhini yake, na wajibu huo hauishi hata kazi ikiisha. Hati kiapo ya mteja ikikaa kwenye mtambo ambao fundi wa kompyuta wa mwajiri anaweza kuufungua wakati wowote, siri imeshatoka mikononi mwa wakili kabla hajasema neno.

Hata hivyo muda na kompyuta vina dawa. Ratiba hupangwa, kompyuta hununuliwa. Kilichonishinda mimi hakikuwa na dawa ya namna hiyo.

Nilikuwa mwanasheria wa Sacco moja, na ruhusa ya maandishi ya mwajiri nilikuwa nayo. Jioni nilikuwa na ofisi yangu. Mama mmoja mjane aliniletea kazi ya kuuza nusu ekari yake ya Njoro. Mnunuzi, mwalimu, alilipa asilimia 10, na mkataba ukampa siku 90 za kumaliza. Alikuwa amesema ana pesa taslimu. Baada ya mwezi akabadili mawazo akaomba mkopo, na akauomba kwenye Sacco ile ile iliyoniajiri, ardhi hiyo hiyo ikiwa dhamana.

Katika ununuzi wa namna hii mkopeshaji hutoa barua ya ahadi: ardhi ikishasajiliwa kwa jina la mnunuzi na rehani ikishaandikishwa, atamlipa muuzaji salio ndani ya siku kadhaa. Muuzaji huachilia hatimiliki yake kwa kuiamini karatasi hiyo. Kazi ya wakili wake ni kuikagua kwa jicho la shaka, neno kwa neno. Asubuhi niliiandika barua ile nikiwa kwenye meza ya Sacco. Jioni niliikuta kwenye meza yangu, karani wangu ameipiga muhuri wa kupokelewa. Nilisoma sahihi yangu mwenyewe, halafu nikasoma jina langu mahali pa anayeandikiwa.

Na nilijua jambo ambalo barua haikulisema. Kamati ya mikopo ilikuwa imeamua kuchelewesha malipo makubwa kwa kuwa fedha zilikuwa chache mwezi ule. Mama alipokuja Jumamosi aliniuliza, "Wakili mwanangu, pesa zitatoka lini? Nimeshaongea na hospitali." Nikimwambia, nimetoa siri ya mwajiri. Nikinyamaza, namwacha mteja wangu atoe hatimiliki kwa ahadi ninayojua ina mashaka. Nilikaa kimya kwa muda ambao bado unaniaibisha, kisha nikamwomba aniruhusu nimpeleke kwa wakili mwingine. Nilimrudishia ada yote, nikamweleza bosi wangu kwamba faili ile wapewe mawakili wa nje. Majuma yakapotea, siku 90 zikapita, mkataba ukabidi uongezewe muda. Mwishowe aliuza. Alipokuja kuchukua nakala zake nikamweleza sababu, akaniangalia na kusema, "Ungeniambia siku ya kwanza kwamba wewe ni wa Sacco."

Hapo ndipo mjadala wetu unapokosea. Sote tunabishana kuhusu ruhusa ya mwajiri. Mteja hatumuulizi. Ruhusa ile niliyokuwa nayo ilimkinga mwajiri wangu dhidi ya kushangazwa, lakini haikumpa mama yule chochote.

Rafiki yangu mmoja hupinga kwamba mgongano wa maslahi uko hata kwa mawakili wa kujitegemea, ambao leo wanamwakilisha mkopaji na kesho mkopeshaji. Ni kweli. Tofauti ni kwamba wao wanaweza kumwacha mteja mmoja na maisha yakaendelea. Mwajiri humwachi bila kuacha unga wa watoto, na kwa hiyo maslahi yakigongana unajua mapema ni nani atakayesukumwa nje. Halafu kuna ukubwa wa mji. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini bado ni mahali ambapo mnunuzi wa shamba, dereva aliyegongwa na mjane wa marehemu wote wana akaunti au hisa kwenye taasisi zile zile chache. Nairobi wakili wa Sacco anaweza kukaa miaka bila kukutana na mwanachama wake. Hapa nilikutana nao Jumapili kanisani.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kumjibu kijana wangu upya, nitamwambia afungue ofisi, ila asiguse ardhi inayonunuliwa kwa mkopo, migogoro ya kazi katika mashamba ya maua, wala mzabuni yeyote wa kampuni yake. Achukue mirathi, kesi ndogo za jinai, na mambo ya familia. Asikubali mwajiri adai orodha ya wateja wake ili aikague. Ukaguzi aufanye mwenyewe, kwa kulinganisha kila jina jipya na majina ya kampuni anayoyajua, na akikuta linalogongana amkatae mteja bila kumwambia mtu yeyote kwa nini.

Na mteja aambiwe kwanza. Mwaka wangu wa mwisho na kazi mbili niliweka karatasi moja mezani, kwa Kiswahili, ambayo kila anayeingia aliisoma kabla ya kufungua mdomo: "Nimeajiriwa pia na Sacco hii. Ukiwa na mkopo, hisa, deni au kesi nayo, niambie hilo tu, usiniambie kingine." Wachache kati ya walioisoma waliinuka wakaenda kwa wakili wa ghorofa ya chini. Niliwasindikiza hadi mlangoni na kuwaonyesha ngazi.